Aliyemtoa Ambakisye Shimoni

Nitawasimulia habari ya watu watatu na shimo moja. Nikifika mwisho nitanyamaza mimi, mseme ninyi. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu atakayelala katikati hataweza kuhukumu, na hukumu ya hadithi hii inahusu roho ya mtu.

Watu hao waliishi kwenye machimbo ya Ikumbilo, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka barabara kuu. Ni mahali pa mahema ya turubai na vumbi jekundu, na mashimo ya dhahabu yaliyotapakaa kama ndui. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Milembe, mjane aliyeponda mawe kutwa nzima. Kipawa chake kilikuwa masikio. Akigonga jiwe mara moja alikuambia kama lina ufa ndani. Alimtambua mtu kwa kikohozi kabla hajaingia kilingeni, pale walipopondea mawe. Na alichokisikia alikiamini hapohapo, hakurudi nyuma kukisikiliza tena. Wanawake wenzake walimtania: "Wewe Milembe, hata upepo ukikuita unaitika."

Wa pili ni Nkwabi, mchimbaji mwenye mabega kama mlango. Kipawa chake kilikuwa kutongoja. Ukimwambia Nkwabi kwamba nyumba inaungua, maneno yako utayamalizia hewani, yeye ameshaondoka. Aliwahi kujitosa kwenye mto uliofurika kumfuata mbuzi wa jirani. Alipomshika ndipo akakumbuka kwamba hajui kuogelea. Wote wawili walitoka, Mungu ndiye ajuaye vipi.

Wa tatu ni Bukuru, mtu wa Kigoma, fundi wa matimba, yaani yale magogo yanayosimikwa ndani ya shimo kuzuia kuta na dari. Alizaliwa pacha. Mwenzake, Butoyi, alifia shimoni miaka tisa kabla ya habari hii, siku ambayo msimamizi aliwaambia, "Dari ni zima, ingieni," nao wakaingia. Tangu siku hiyo Bukuru hakuliamini dari wala msimamizi. Kipawa chake kilikuwa mkono. Aliligusa jambo, akaligonga na kulipima, ndipo akasema ndiyo. Kanisani alikuwa msomaji wa Maandiko kwa kuwa alisoma vizuri kuliko wote, lakini hakuficha yaliyo moyoni mwake.

"Mwinjilisti," alisema siku moja, "habari za Bwana kufufuka nazisoma kila mwaka. Kuziamini, bado."

Mwinjilisti alimjibu, "Endelea kusoma, ndugu yangu. Wale kumi na mmoja walimwona kwa macho yao kule mlimani, na bado miongoni mwao wapo waliosujudu huku wanaona shaka. Hakuwafukuza."

Mwinjilisti huyo aliitwa Ambakisye. Jumapili alihubiri, siku nyingine alichimba kama watu wote, na shimo alilolisimamia lililisha familia thelathini. Mtu akikatwa na sururu, Ambakisye ndiye aliyemfunga kidonda. Mtu akifa hana ndugu, Ambakisye ndiye aliyemchimbia kaburi. Hapakuwa na mtu Ikumbilo ambaye hakuwahi kula kwake, hata Gaudensi, ambaye aliishi nyumbani mwake miaka miwili na akafundishwa naye kusoma, kabla ya kuhamia kwenye shimo la jirani.

Sasa tatizo lilianzia kwenye shimo hilo la jirani. Wakati wa Kwaresima mashimo mawili yalitoboleana chini kwa chini, na kila upande ukasema mwamba wenye dhahabu ni wake. Kwanza walitupiana matusi, baadaye mawe. Wiki ya Mateso ilipoingia, watu wa shimo la jirani walituma ujumbe: mtatoka, au mtazikwa humohumo.

Ijumaa Kuu hakuna aliyechimba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Ibada ilipokwisha, Ambakisye alishuka shimoni kuwasha pampu ya kuvuta maji, maana bila hivyo shimo lingejaa kabla ya Jumatatu. Alishuka na kijana mmoja aliyeitwa Maduhu, mdogo wake Nkwabi, mwenye mke na mtoto anayenyonya. Juu walibaki watu watatu: mlinzi aliyeitwa Mzee Siwale na wanaume wawili wa winchi ya kamba.

Saa tisa alasiri wakaja watu kumi na wawili.

Mzee Siwale alisimama na rungu lake. Panga lilimkuta shingoni hajamaliza kuuliza "Nani?" Mmoja wa watu wa winchi alikuwa ameishika kamba, na kwa kuwa chini kulikuwa na watu hakutaka kuiachia. Wakaukata mkono wake kwenye kiwiko. Yeye alianguka huku, mkono ukabaki umeng'ang'ania kamba kule, kisha wakammaliza akiwa chini. Mwenzake alikimbia. Alifika hatua kama ishirini, gobore likamlaza kifudifudi.

Nyuma ya lundo la mawe alikuwepo Milembe, aliyekuwa akipita tu, amelala tumbo chini, uso ndani ya matope. Hakuona kitu ila miguu. Alisikia. Alimsikia Maduhu akiita kutoka chini, "Kuna nini huko juu?" Akasikia sauti juu ya mdomo wa shimo ikisema neno moja: "Washa." Halafu ardhi ikaruka.

Baruti ililivunja shimo. Kifusi kilijaa mpaka juu. Kambi nzima ilipofika, wale kumi na wawili walikuwa wameshatokomea porini, na Nkwabi alikuwa ameshazama kwenye kifusi, anachimba kwa mikono, analia jina la mdogo wake. Alichimba mpaka kucha mbili zikang'oka. Kuta zilipoanza kumporomokea, watu walimvuta kwa miguu. Bukuru aliinama, akaita mara tatu na kusikiliza. Akatikisa kichwa.

"Chini ya hapa hakuna mtu anayeishi," alisema.

Hata Nkwabi aliamini. Jumamosi wakawazika wale watatu, na juu ya kifusi wakasimika msalaba wa mti mbichi kwa ajili ya wawili ambao waliona wameshazikwa. Kwenda kuita polisi haikuwezekana, daraja lilikuwa limefunikwa na maji.

Jumapili ya Pasaka asubuhi, watu walikusanyika kwenye kanisa lao la turubai. Nafasi ya Mwinjilisti ilikuwa tupu. Bukuru alisimama kusoma kama kawaida yake. Alisoma jinsi wanawake walivyokwenda kaburini alfajiri, wasiukute mwili, wakarudi kuwaeleza wanaume, na wanaume wakayaona maneno yao kuwa upuuzi. Alikuwa amefika hapo Milembe alipoingia, matope mpaka magotini, hana kilemba kichwani.

"Wako hai," alisema.

"Nani?"

"Mwinjilisti na Maduhu. Wanagonga bomba la pampu. Nimekwenda kuweka majani mabichi msalabani, nikasikia. Mara tatu, kimya, mara tatu."

Mama mmoja wa mbele akamshika mkono, akamwambia taratibu, "Pole, dada yangu. Sote tumeumia. Kaa hapa karibu yangu." Mwanamume mmoja akasema, "Hayo ni maji yanadondoka ndani ya bomba." Nyuma mtu alicheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka kulia.

"Nimesikia," Milembe akarudia.

Benchi lilianguka. Nkwabi alikuwa ameshatoka, tena kwa kupenya chini ya turubai, maana mlango ulikuwa mbali.

Bukuru aliweka kidole kwenye mstari aliokuwa akiusoma. "Umesikia mara ngapi, mama?"

"Mara moja."

"Mara moja haitoshi."

"Kwangu inatosha, fundi."

"Kwangu haitoshi," akasema Bukuru. Lakini alikifunga kitabu, akamfuata, na watu wakamfuata yeye.

Walimkuta Nkwabi ameshang'oa msalaba, ameutupa kando, yuko ndani ya kifusi mpaka kiunoni, anarusha udongo kama mbwa. Hakuna aliyemsaidia. Bukuru alipiga magoti kwenye bomba la chuma, akalilaza sikio. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Sisikii kitu."

Watu wakaguna. Wengine wakaanza kurudi. Milembe alikaa chini, akalikumbatia bomba kwa mikono miwili. "Nendeni," alisema. "Mimi nipo."

Bukuru angeweza kuondoka. Badala yake aliomba nyundo. Aligonga bomba mara tano, akangoja. Kimya. Akagonga tena tano. Watu waliokuwa wakiondoka walisimama, si kwa imani, kwa udadisi tu. Ndipo kutoka chini ya ardhi, kwa mbali, polepole, ikaja: ngo, ngo, ngo, ngo, ngo.

Bukuru akagonga mbili. Zikarudi mbili.

Aliinuka, uso wake umebadilika rangi. "Maji hayajui kuhesabu," alisema. "Leteni majembe. Watu wote!"

Kwa neno la Milembe alikuwa amekwenda kuchimba mtu mmoja. Kwa neno la Bukuru walikwenda mia mbili. Mimi nilikuwa mmojawapo, nilipokezana ndoo za udongo tangu saa tatu asubuhi, na viganja vyangu vina makovu hadi leo.

Tulichimba kama vichaa. Nkwabi alikuwa mbele, hakubali kupokewa. Saa tano tulikuwa tumeshuka mita nne. Hapo Bukuru, ambaye muda wote alikuwa akiutembeza mkono ukutani, akapaza sauti.

"Simameni! Tokeni nje! Ukuta huu unatoka jasho."

"Ukauke!" Nkwabi alijibu bila kugeuka. "Mdogo wangu yuko chini."

"Tukichimba mita moja zaidi bila matimba, ukuta utatulalia, na wao utawalalia. Tukate magogo kwanza."

"Itachukua muda gani?"

"Saa tano. Labda sita."

Bukuru akapanda ngazi, Nkwabi nyuma yake. Alipofika juu Nkwabi alimpiga Bukuru na mpini wa jembe usoni, meno mawili yakaruka na damu ikafunika kidevu. Bukuru alianguka, akainuka, akatema damu. Nkwabi akampiga tena, ubavuni, tukasikia mbavu zikivunjika. Wengine wakamvamia Nkwabi, wengine wakawavamia waliomvamia Nkwabi, na kwa muda kidogo pale juu ya watu wawili waliozikwa hai kulikuwa na ngumi na majembe, mtu mmoja akivunjwa mkono, mwingine akipasuliwa kichwa.

Bukuru hakurudisha ngumi. Alitambaa mpaka kwenye mdomo wa shimo, akajilaza juu yake, mikono ameitanua.

"Atakayetaka kushuka anikanyage mimi kwanza," alisema, na damu ikamtoka pamoja na maneno. "Butoyi aliingia kwa sababu mtu alisema dari ni zima. Sitazika tena mtu kwa haraka ya mtu. Kateni magogo!"

Watu wakakata magogo. Hata Nkwabi alikata. Alilipiga kila gogo kana kwamba ni shingo ya Bukuru.

Muda wote huo Milembe hakuondoka kwenye bomba. Alikuwa ameichukua ile nyundo. Aligonga, akasikiliza, akagonga, na kila alipoambiwa apumzike alitikisa kichwa. Saa sita alisema, "Wanajibu tatu." Saa nane, "Wanajibu mbili." Saa tisa na nusu alisema, "Moja," kisha akalilaza shavu kwenye chuma na kufumba macho. Baada ya hapo hakutupa habari nyingine. Lakini hakuacha kugonga.

Saa kumi matimba yakawa tayari. Watu kumi na wawili walishuka, Nkwabi wa kwanza. Jembe la tatu au la nne lilikuwa linapigwa wakati ukuta wa mashariki ulipotoka wote kwa pamoja, kwa sauti kama ya lori linalomwaga mawe. Sisi wa juu tulifumba macho. Magogo matatu yalipasuka. Manane yalishika. Tulipofumbua macho, wale kumi na wawili walikuwa hai, weupe kwa vumbi, na kumi na mmoja walikuwa wanagombania ngazi kupanda juu.

Nkwabi hakupanda. Alikuwa ameona upenyo chini ya gogo lililopasuka, mpana kama ndoo, na akauingia kwa kichwa. Jiwe lilimchuna ngozi ya mgongo kutoka bega hadi kiuno. Alitambaa mpaka kwenye njia iliyochimbwa ubavuni mwa shimo, ambako maji yalifika kifuani. Huko alimkuta Ambakisye amekaa juu ya pampu, mguu umevunjika mara mbili, mfupa uko nje. Pembeni yake Maduhu ameegemea bomba, jiwe kubwa limembana nyonga, na mkononi ana nyundo.

Nkwabi alimshika mdogo wake uso. Ulikuwa na joto.

"Ameondoka," Ambakisye alimwambia. "Sasa hivi tu, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa akigonga. Hakuniachia nyundo."

Juu yao mbao zilikuwa zinalia. Nkwabi alimfunga Ambakisye mgongoni kwa shati lake, juu ya ngozi iliyochunika, akamwacha ndugu yake wa tumbo moja, akatambaa naye mpaka kwenye kamba. Tukamvuta Mwinjilisti juu. Nkwabi akarudi chini mara ya pili, peke yake, kumfuata maiti. Ilibidi aivunje nyonga ya mdogo wake ili amtoe chini ya jiwe. Alipotoka naye begani, dari lilianguka nyuma yake, na shimo hilo halijafunguliwa mpaka leo.

Alimlaza Maduhu chini. Akamtazama Bukuru.

"Saa sita zako," alisema. "Hizi hapa."

Mke wa Maduhu alikuwa ameshaanza kupiga yowe.

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, nisingewauliza kitu. Lakini wakati huohuo ilisikika kelele kutoka porini, na watu wakaja wakimburuta Gaudensi kwa kamba. Walimkuta amejificha kwenye mapango ya kale, jicho moja limevimba kwa kipigo chao, sikio moja halipo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua mpaka nyama zinaonekana. Mtu alishaleta tairi. Mwingine alishaleta petroli ya pampu. Walimpigisha magoti mbele ya Ambakisye, aliyelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wakamvika tairi shingoni na kummwagia petroli kichwani.

"Sema!" wakamwambia.

"Nilikuwepo," Gaudensi alisema. "Sikatai. Nilikuja nao. Waliniambia tunakwenda kuwatisha tu. Lakini sikuwasha! Niliurukia utambi niuzime, ndio ukaniunguza. Baba Mwinjilisti, nilijaribu kuuzima!"

"Mwongo!" umati ulipiga kelele. Mtu mmoja alimpiga teke la mdomo.

Kule Ikumbilo tuna desturi kwamba aliyedhulumiwa ndiye mwenye neno la mwisho. Watu wakamgeukia Ambakisye. Yeye alikuwa mweupe kama majivu, anapumua kwa shida, lakini alisema kwa sauti iliyosikika.

"Mimi siwezi kuhukumu. Tangu Ijumaa nilikuwa maiti, na maiti hana neno. Uhai huu nilionao si wangu tena, ni wa yule aliyenitoa shimoni. Yeye na aseme. Akisema afe, sitamzuia. Akisema aishi, asiguswe na mtu."

"Ni nani basi?" wakauliza. "Ni nani aliyekutoa?"

Ambakisye aliwatazama Milembe, Nkwabi na Bukuru, mmoja baada ya mwingine. Machozi yakamtoka. "Sijui," alisema. "Msiniulize mimi." Baada ya hapo akazimia, na hakuzinduka siku mbili.

Wakabaki watatu.

Nkwabi alisema kwanza, maana hakujua kungoja. Alikuwa na damu ya mgongo wake inayomtiririka mpaka kisigino na kiberiti mkononi. "Nani mwingine? Milembe alisikia, Bukuru alipima, na Mwinjilisti angali chini. Nani aliingia? Nani alimtia mgongoni? Nilipoambiwa wako hai sikuuliza swali. Niliamini kwa miguu. Nilimwacha ndugu yangu nikamtoa yeye. Neno ni langu, na neno langu ni moto. Mdogo wangu aligonga siku tatu, akafa mtu huyu akiwa amejificha pangoni anakula mizizi. Na awake."

Umati ukaitika kwa kishindo.

Bukuru akasema, mdomo umevimba, sauti inapita kwenye pengo la meno. "Nkwabi, ungeingia asubuhi saa tano, ungekuwa chini ya ukuta ule pamoja na wenzako, na hao wawili chini yenu. Watu kumi na wawili wako hai kwa sababu nilikataa. Na hawa mia mbili wasingeshika jembe kwa neno la mtu mmoja. Walishika kwa sababu niliuliza, nikajibiwa. Kwa hiyo neno ni langu. Nami nasema: sijui kama huyu ni mwongo. Mkono ulioungua unaweza kuwa wa aliyewasha, unaweza kuwa wa aliyezima. Hakuna aliyeona. Afungwe kwenye nguzo, tumlinde mpaka mto upungue na polisi wavuke. Tuchunguze."

"Nani atamlinda?" mtu akapaza sauti. "Wenzake kumi na mmoja wana gobore! Watakuja kumchukua, watatuua tena!"

Na hilo lilikuwa kweli. Bukuru mwenyewe hakulikana.

Milembe alisema wa mwisho. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu, nyundo bado anayo. "Bila mimi msingechimba hata kijiko. Mlikuwa mmewaimbia nyimbo za maziko. Nilisikia, nikaamini, mkanicheka. Na Mwinjilisti mwenyewe ameniambia sikioni, walipomlaza hapa, kwamba maji yalipomfika kifuani alitaka kujiachia azame, na kilichomzuia ni mlio wa nyundo yangu, ngo, ngo, ngo, kutwa nzima. Neno ni langu."

Akamgeukia Gaudensi. "Wewe ndiwe uliyesema 'washa'. Mimi nilikuwepo. Nimekusikia ukiimba kwaya miaka miwili, siwezi kuikosea sauti yako."

Gaudensi akainamisha kichwa. Sikuweza kujua kama ni kwa hatia au kwa kukata tamaa.

Umati ukanguruma. Nkwabi akatoa njiti.

"Ngoja!" Milembe akasema. "Sijamaliza. Ni yeye, na ninasema aishi. Kamba ikatwe, aende zake. Jana nimezika watatu. Kesho namzika Maduhu. Leo ni siku ya Bwana kutoka kaburini, na mimi sitakubali mtu mwingine aingizwe kaburini leo, hata akiwa amestahili."

"Umesema mwenyewe ni yeye!" Nkwabi alilia, sauti imepasuka. "Unaamini ni yeye, halafu unamwachia?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na akirudi na wenzake?"

Milembe alisimama tu kati ya njiti na tairi.

Hapo kambi ikagawanyika sehemu tatu. Kila upande ulikuwa na mapanga, na kila upande ulikuwa na mtu wake aliyemtoa Ambakisye. Mke wa Maduhu alikuwa amekaa na kichwa cha mumewe mapajani, mtoto ananyonya, akasema, "Amueni basi, jua linazama." Hakusema yuko upande gani. Nilimwuliza baadaye, miaka ikiwa imepita, akaniambia hata siku ile hakujua.

Kilichotendeka ninakijua, nilikuwepo. Sitawaambia, maana nikiwaambia mtasema ndicho kilichokuwa haki, na kutendeka na kuwa haki ni ndugu wanaonuniana mara nyingi.

Ninyi semeni. Gaudensi amepiga magoti mbele yenu. Petroli inamwingia machoni, na anawatazama wale watatu, hajui amlilie yupi. Yupo aliyeamini kabla ya kuona, na anasema aende. Yupo aliyeingia bila kuuliza, akamwacha ndugu yake, na anasema afe. Yupo aliyetia shaka mpaka shaka yake ikaokoa watu kumi na wawili na pengine ikamwua mmoja, na anasema tungoje. Mwinjilisti amezimia, hatawasaidia.

Ni nani aliyemtoa Ambakisye shimoni? Msijibu haraka, na msichelewe mno. Mkishamtaja, mjue kwamba mmeshahukumu.